Noti ya Mia Tano na Karanga za Beu

Nianze na ubaya wangu mwenyewe, maana hata nikinyamaza jirani yangu atawaletea habari: nilinunua karanga za falanga mia tano kwa noti iliyokuwa imebeba dola mia tatu. Wala si kwamba niliibiwa, au nililewa, au mtu alinidanganya. Niliitoa mfukoni kwa mkono wangu, tena nikiwa na furaha.

Mimi ni fundi wa kushona, hapa Butembo. Mashine yangu iko barazani, kitanda changu kiko hatua kumi na mbili nyuma ya mashine, na katikati kuna jiko. Sioni kwa nini mtu atafute zaidi. Mji wetu umejaa watu wanaopanda ndege kwenda Asia kununua bidhaa kama vile wanakwenda kuchota maji, lakini mimi hata Beni, ambayo iko kilomita hamsini na kitu tu, nilikuwa nimefika mara nne, na mara zote ni kwa ajili ya kilio. Jirani yangu, mama anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, nyuma ya ua wetu, alikuwa na neno lake la kila asubuhi: "Fundi, wewe utasafiri siku nyumba yako itahama."

Aliyenitoa ni mama yangu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limezimika mwaka juzi. La kulia nalo likaanza. Alikuwa akisema kwamba ukungu wa asubuhi, ule unaotufunika hapa hadi saa mbili, ulimwingia ndani ya jicho na ukasahau kutoka. Hakulia juu ya hilo. Kilichomuuma ni mti wake wa avoka. Kila juma avoka zilipungua. Alisikia majani yakitikisika lakini hakuona mkono.

"Ni ndege, mama," nilimwambia.

"Ndege gani anakujaka na kitunga?"

Siku moja ikatangazwa parokiani kwamba waganga wa macho wamefika kwa juma moja tu katika hospitali iliyo ng'ambo ya mpaka, Uganda, si mbali na daraja. Ijumaa ingekuwa siku yao ya mwisho, na hakuna aliyejua kama watarudi. Mtu alipiga simu kwa niaba yetu. Mama akaandikwa kwa Ijumaa. Bei ilikuwa kama dola mia tatu, lakini walitaka shilingi, na walizitaka mbele ya kisu, si nyuma yake.

Dola mia tatu nilikuwa nazo, jasho la yunifomu za shule za miaka miwili. Kuzibeba mfukoni hadi Kasindi, hapo mpakani, ndiyo ilikuwa shida. Barabara ile kila mtu wa kwetu anaijua, sina haja ya kuieleza. Na hata ukifika nazo salama, unakutana na wabadilisha makuta, yaani pesa, wa darajani, ambao jirani yangu alisema wananusa mtu mgeni kama mbwa anavyonusa mfupa. Kwa hiyo nikafanya wanavyofanya wengi hapa: nikaenda kwa mfanyabiashara.

Huyu mzee anauza bati na misumari, na mwenzake ana duka ng'ambo, hatua chache baada ya daraja. Unamwachia dola Butembo, mwenzake anakupa shilingi kule. Alishika noti zangu tatu, moja moja, akaziinua kwenye mwanga wa mlango. Ya tatu akanirudishia. Ilikuwa na mpasuko pembeni, mdogo kama mguu wa siafu.

"Hii hapana."

"Mais mzee, hata haionekani."

"Mimi nimeiona. Leta ingine."

Nikarudi nyumbani, nikafungua kopo langu la akiba, nikaleta ingine. Ndipo mzee huyo huyo, mwenye macho makali kuliko forodha, akafungua sanduku lake na kuchomoa noti ya falanga mia tano. Jamani, noti ile. Ilikuwa imegandishwa kwa skochi mara tatu, pembe moja imeliwa, rangi yake imekuwa ya maji yaliyooshea miguu. Akampigia mwenzake simu, akamsomea namba ya noti ile taratibu, halafu akaiweka mkononi mwangu.

"Fundi, huyu ndiye mwenye makuta yako sasa. Ukifika kule, mupatie mwenzangu. Ataangalia namba, atakupa shilingi. Usiachane nayo."

Nikasoma namba mara mbili, nikaishika kichwani. Hapa ndipo elimu iliponiharibu. Mimi nina diploma ya sekondari. Niliipata kwa asilimia hamsini na mbili, lakini nimeitundika ukutani kama waliopata themanini. Nilijiambia: karatasi ni ya watu wasiojua kusoma. Aliyesoma anabeba namba kichwani, ambapo hakuna mwizi anayeingiza mkono. Noti nikaitia mfuko wa shati, kama tikiti iliyokwisha kutumika.

Tuliondoka Jumanne, mama na mimi, pamoja na mto wangu wa kulalia. Ndiyo, niliubeba. Jirani alisimama kwenye ua, akautazama mto, akamtazama mama, akasema, "Mama, huyu utamuchunga?" Mama akajibu kwamba atajaribu.

Tulilala Beni, katika mtaa wa Beu, kwa dada mdogo wa mama. Beni ina joto. Mimi nilikuwa nimevaa koti la Butembo, na kufika kwetu nilikuwa nimeiva. Asubuhi ya Jumatano tukasimama kando ya soko la Beu kungoja gari ya Kasindi. Mama akasema anataka karanga. Muuzaji mmoja alikuwa nyuma yetu na beseni lake. Sikuwa na noti ndogo, ila noti nne za dola tano za njiani na ile takataka ya mfukoni.

Lazima nikiri kila kitu. Sikuitoa kwa kusahau. Niliitoa kwa werevu. Nilijua kwamba noti kama ile ni vigumu kuipitisha, nikaona hapa kuna mama ana haraka, gari inakuja, huu ndio wakati. Niliikunja mara mbili, skochi kwa ndani, nikaisukuma mkononi mwake huku nikitazama barabara ili nisionane naye macho. Yeye akaikunjua.

"Papa, hii mbongo imetoka mu kinywa ya mbuzi?"

"Makuta ni makuta, mama," nikasema, tayari mguu uko garini.

Njiani nilitafuna karanga na kujisifu. Mama akauliza, "Karatasi ya mzee wa bati iko wapi?"

"Iko kichwani, mama."

Akaacha kutafuna.

Tulivuka daraja kabla ya saa sita ya mchana. Nilikuwa nimeogopa Uganda, nikakuta watu wanasalimiana kwa lugha inayofanana na Kinande chetu hata mama akadhani hatujavuka. Duka la mwenzake wa mzee tuliliona mara moja: majembe mlangoni, na ndani mtu mnene aliyevaa miwani kwenye paji la uso. Nikajitambulisha. Nikasimama kama mbele ya ubao, nikamsomea namba kutoka kichwani, herufi na tarakimu zote, bila kupumua.

Akashusha miwani, akatazama daftari lake.

"Bien. Ni yenyewe kabisa. Sasa leta karatasi."

"Karatasi iko hapa," nikagonga paji langu.

"Papa, kichwa yako hapana weza kuingia mu sanduku yangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia noti nimeitumia. Akauliza nimeitumia kununua nini. Nikamwambia karanga. Akavua miwani kabisa, akaipangusa, akaivaa tena, kama mtu anayetaka kuniona vizuri mara moja tu katika maisha yake.

Tukampigia mzee wa Butembo. Nililalamika kwamba namba ni sahihi, kwamba sauti yangu anaijua, kwamba mama amekaa hapa.

"Fundi," akasema, "ile namba niliisoma ku simu mbele ya watu sita wenye kununua bati. Wote iko na masikio. Lakini mwenye karatasi iko mumoja tu. Nikikupatia leo, na kesho mutu anafika na karatasi, nitamuambia nini?"

"Sasa nifanye nini, mzee?"

"Ukiikosa, urudi huku. Tutangoja mwezi moja. Kama hakuna mwenye kuja nayo, nitakurudishia dola zako zote mia tatu. Hazipotei."

Ni kweli, makuta yasingepotea. Kilichokuwa kinapotea ni Ijumaa. Ilikuwa Jumatano saa saba, na jicho la mama lisingengoja mwezi.

Nikakaa juu ya gunia. Na aibu nyingine ni hii: nilipofikiria kurudi Butembo, kitu ndani yangu kiliona kitanda changu na kikafurahi kidogo.

"Unafurahi," mama akasema.

"Hapana, mama."

"Nasikia vile unapumua. Simama. Hatuendi Butembo. Tunaenda Beni. Ule mama wa karanga iko na karatasi yetu."

"Atakuwa ameitumia."

"Nani ataipokea?"

Nilimtazama. Noti niliyohitaji ujanja wangu wote kuipitisha, mtu mwingine angeipitishaje? Ubaya wake ndio ulikuwa ufunguo wetu. Tukarudi kulala Beni, na ule mto wangu nikambebea mama auegemee garini.

Alhamisi asubuhi tulikuwa sokoni Beu wauzaji wakiwa bado wanatandika. Na hapo nikagundua sehemu ya pili ya upumbavu wangu. Nilikuwa nimejitahidi sana nisimtazame yule mama usoni, na nikafaulu: sikujua sura yake hata kidogo. Wauza karanga walikuwa wengi, wote wana mabeseni, wote wana vitenge.

"Alivaa kitambaa ya rangi gani?" mama akauliza.

"Sikuangalia."

"Muzee ao kijana?"

"Mama, niliangalia barabara."

Akaguna. Kisha akanishika mkono wa shati, juu ya kiwiko, akafumba macho yote mawili, lile bovu na lile linaloharibika, akasema, "Nitembeze. Na unyamaze."

Nikamtembeza. Tulipita katikati ya mihogo, samaki wakavu na mafuta ya ngazi, yaani mawese, kila muuza karanga nikimsimamisha mama mbele yake kama mteja. Karibu, koko, wakamwita kama bibi yao, karanga ya leo, bado ya moto. Mama alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa. Si huyu. Mwingine alinikumbuka, nikaona uso umefunguka, nikasema ndiye; kumbe aliniona kwenye kilio fulani. Si huyu. Jua likaanza kupanda. Nilihesabu saa za gari la Kasindi moyoni na nilikuwa nataka kusema tuache, mama alipokaza vidole vyake kwenye mkono wangu.

Nyuma ya meza ya chumvi mwanamke alikuwa akigombana na mteja, Kiswahili chake kimechanganyika na Kilingala, sauti kavu kama mlango usiotiwa mafuta. Baadaye tulijua ni mke wa askari, ametoka mkoa wa mbali.

"Huyu," mama akasema.

Yeye alinitambua kabla sijafungua kinywa. Kumbe aliyeachiwa noti mbaya haoni barabara, anaona mtu.

"Ah! Papa ya mbongo ya kupasuka!" Akawageukia wenzake. "Ni huyu nilibaambia!"

Wote wakaniangalia. Nikauliza kwa upole kama noti ile bado anayo. Akaeleza, si kwangu, kwa soko zima: alimpelekea muuza chumvi, akakataa. Akampa mtu wa moto, yaani wa pikipiki, akamrudishia akisema heri amubebe bure. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amekwenda nayo misa, na mwenye kikapo cha sadaka alimwangalia mubaya hata akaona haya mbele ya Mungu. Akafungua fundo la kitenge chake. Ilikuwa pale. Skochi zote tatu. Pembe ikiwa imeliwa vile vile. Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile.

Nikachomoa noti mpya ya mia tano, niliyoikopa kwa mama mdogo, nikamwonyesha. "Tubadilishane, mama. Mimi nakupa nzuri."

Akavuta mkono. "Jana ulikimbia. Leo unakuja kubadilisha nzuri kwa mbaya. Iko na nini ndani?"

Nikaanza kutunga kitu juu ya ukumbusho. Mama akanikata.

"Mwana wangu," akamwambia yule mwanamke, "nataka kutengenezewa macho kesho. Ile karatasi ndio inafungua makuta kwa mwenye duka ng'ambo. Huyu kijana yangu alisoma sana, ndio maana aliitumia."

Soko lilicheka. Muuza chumvi alicheka hata akakaa. Yule mwanamke naye alicheka, lakini noti ilibaki kwenye ngumi.

"Bon, koko. Wewe nakuhurumia. Yeye hapana. Yeye alisema makuta ni makuta. Donc anunue karanga."

"Kiasi gani?" nikauliza.

"Beseni."

"Beseni nzima?"

"Na aniombe pardon."

Nikataka kupatana bei. Mama akasema, "Lipa." Nikaomba radhi mbele ya watu wa chumvi, wa samaki na wa mafuta, kisha nikatoa dola tano. Mke wa askari akaiinua juani, akaigeuza, akairudisha.

"Hii iko na tundu."

"Tundu gani?"

"Hapa. Ndogo. Leta ingine."

Nikaleta ile ya pili, ya mwisho. Akaipenda. Falanga alizonirudishia zilitosha kutufikisha mpakani, kwa shida. Nimesikia watu wakilalamika kwamba darajani wanabadilisha makuta kwa bei mbaya. Mimi nimebadilisha mia tano kwa mia tano nikaongeza beseni la karanga na heshima yangu, na narudia kusema: nilipata faida.

Niliibeba noti ile ndani ya kofia, kofia kichwani, mkono juu ya kofia. Saa tisa tulikuwa dukani kwa mwenye majembe. Nikaiweka mezani. Alisoma namba, akasoma daftari, akasoma tena namba kwa kidole, na katika maisha yangu yote hakuna mtihani nilioungoja vile. Kisha akaitia sandukuni, akafunga, akaanza kupanga shilingi mbele yangu. Zikafika milioni na zaidi. Mimi, wa hatua kumi na mbili, nilikuwa milionea mbele ya mama yangu, na karanga nilizokuwa nazo zilitosha kulisha hospitali. Zililisha, kwa kweli. Wagonjwa wa chumba kile, waliokuwa wakisalimiana na mama kama ndugu, walizila siku mbili.

Ijumaa wakamtengeneza jicho la kulia. Jumamosi asubuhi mwuguzi akafungua bendeji. Mama akapepesa. Akatazama dirisha, akatazama mikono yake pande zote mbili, polepole. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na koti langu, nimejiandaa kwa baraka. Akanishika upindo wa koti, akausogeza karibu.

"Hii ulishona weye?"

"Ndiyo, mama."

"Mushono inapinda."

Nililia, na sitaki mtu aniambie ni aibu. Ulikuwa unapinda kweli, kidogo sana, chini ya mfuko. Wateja wangu hawakuwahi kuuona.

Kurudi, darajani, nilikuwa mtu mwingine. Shilingi zilizobaki nilitaka kuzigeuza falanga. Mbadilisha makuta wa kwanza akanitajia bei, nikamwambia hapana. Wa pili, hapana. Wa tatu akanipa bei ya halali, na noti zake nikaziinua juani moja moja mbele ya mama. Moja nikairudisha. "Leta ingine," nikasema. Nilisikia utamu wa neno lile hadi kwenye visigino.

Nyumbani nilisimulia safari kwa majirani nikiwa juu ya kiti, na kwa kuwa mama alikuwa amekwenda kuutazama mti wake, nilipunguza kidogo karanga na kuongeza kidogo ujasiri. Mama wa makala alisikiliza mbele kabisa. Kisha tukasikia sauti ya mama kutoka chini ya mti. Alikuwa amesimama, mkono juu ya nyusi, anatazama tawi la chini, lile linaloegemea ua, ambalo halikuwa na avoka hata moja. Akafuata kwa macho nyayo zilizokuwa chini yake. Akafuata vumbi jeusi la makala lililokuwa kwenye ua. Akafika kwenye kitunga kilichotundikwa upande wa pili. Alimsalimu tu jirani yetu, kwa jina lake kamili, kutoka mbali, bila kusikia sauti yake kwanza.

Jirani akanyanyuka kwenye kiti chake, akakung'uta kitenge, akanigeukia.

"Fundi," akasema, "mama yako alikuwaka jirani muzuri sana kabla bamutengeneze macho."